Nani Aliyaua Mabirika ya Mama Mkwe

Birika la tatu lilikufa Jumapili, saa nne asubuhi, mbele ya wageni.

Kabla sukari haijafika mezani, mama mkwe wa mdogo wangu alikuwa ameshashusha begi kutoka juu ya kabati, kalifungua kitandani, anakunja magauni ya mdogo wangu moja moja. Taratibu. Kwa adabu zote. Kama mtu anayekunja sanda.

Kosa? Birika la umeme.

Narudia, maana najua kuna mtu anasoma huku anatafuna: mwanamke wa watu, ndoa ina miezi mitano, anarudishwa kwao kwa sababu ya chombo cha kuchemshia maji.

Simu ilinikuta kwenye cherehani.

"Dada, njoo."

"Kuna msiba?"

"Mabirika yamekufa matatu. Wanasema mkono wangu una nuksi."

Nilizima cherehani. Sikubadilisha hata viatu.

Kwa wasionijua: mtaani naitwa Wakili. Sheria sijaisomea popote. Shule niliacha mapema, mengine nimejifundisha mwenyewe kwa magazeti ya kufungia nyama na kwa kusoma kila karatasi yenye maandishi madogo ambayo wenzangu huitupa. Siku hizi nashona sare. Zamani nilikuwa kwenye kiwanda cha sabuni, nikafukuzwa kwa kuuliza glavu za wafanyakazi ziko wapi. Msimamizi aliyenifukuza namkumbuka mpaka alichokuwa anatafuna. Karanga. Ni miaka kumi na tisa sasa, na nikikutana naye kesho nitamuuliza tena: glavu ziko wapi?

Nipo hivyo. Siombi radhi.

Mdogo wangu nimemlea mimi. Mama alipofariki yeye alikuwa na miaka minane, mimi ishirini na moja. Nimemwogesha, nimemsuka, nimemfundisha kila kazi ya ndani anayoijua. Ukimgusa yeye, umenitia kidole cha jicho mimi.

Sebuleni nilikuta mahakama imeshakaa.

Mabirika matatu yamepangwa juu ya meza, yote yametazama upande mmoja, kama marehemu wa ajali wanaosubiri ndugu waje kuwatambua.

Nyuma ya meza, mama mkwe. Huyu mama alikuwa matroni wa bweni la wasichana miaka thelathini. Yeye amestaafu kazi, ila kazi haijamstaafu. Akiongea, unadhani anasoma majina ya waliochelewa kulala.

Kushoto kwake, binti yake mkubwa, wifi wa mdogo wangu. Huyo nilimpa jina siku ile ile ya harusi: Kipaza. Neno likiingia sikioni mwa Kipaza, mtaa wa pili wamelisikia kabla yeye hajalielewa.

Pembeni kabisa, shemeji. Mume mtu. Fundi vioo, jitu la miraba minne. Anabeba kioo cha dirisha la duka peke yake, anavuka nacho barabara. Siku hiyo alikuwa anakagua kucha zake.

Na mdogo wangu? Kasimama mlangoni, mikono nyuma, kama mwizi wa kuku.

"Karibu, mkwe," akasema mama mkwe. "Nilijua hutachelewa. Wenye kelele hawachelewi."

"Asante, mama. Nimekuja kuona maiti."

"Waone. La kwanza lilikaa wiki tano. La pili wiki tatu. La tatu siku tisa. Birika langu la kuweka juu ya mkaa lina miaka ishirini na sita, lipo pale nje, linadunda."

"La mkaa halina waya, mama."

"Ndiyo maana lina heshima."

Kipaza akadakia. "Na si mabirika tu! Hata pasi ilifuka moshi, yeye anapita tu mlangoni."

"Pasi ilikuwa mkononi mwa nani?"

"Mwangu. Nilikuwa nanyoosha sketi."

"Ahaa."

"Ahaa nini?"

"Hamna. Endelea kunyoosha."

Nikamgeukia yule jitu. "Shemeji, wewe unasemaje? Mke ni wako."

Akakohoa. "Mimi... nadhani tumsikilize mama."

Wanaume wengine Mungu amewapa mabega ya kubebea vioo, akasahau kuwapa ya kubebea sentensi.

Nilikuwa na hasira ya kupasua ukuta. Nuksi! Watu wazima, wana simu za kugusa kwa kidole, wanaangalia taarifa ya habari kila siku, halafu chombo cha bei rahisi kikiharibika wanatafuta mwanamke wa kumsingizia. Na kila nyumba ina mwanamke wa namna hiyo. Kwa kawaida ni yule aliyefika mwisho.

Nikasema, "Mama, nipe wiki mbili. Nitaleta birika la nne, nitalichagua kwa mkono wangu. Likifa ndani ya wiki mbili, begi hilo nitakuja kulibeba mwenyewe. Mchana kweupe, watu wakiona. Na huyu nitaondoka naye."



"Mmesikia?" mama mkwe akawauliza wanawe, kama karani wa mahakama.

"Tumesikia," akajibu Kipaza, haraka mno.

"Basi wiki mbili. Lakini begi lisifunguliwe. Atatoa nguo ya siku, atarudisha nguo ya siku."

Mdogo wangu akanitazama. Macho yake yalikuwa yanasema, dada, umenifanya nini. Mimi nikamkonyeza. Nilijiona nimeshinda kesi.

Pale mlangoni nikamuuliza shemeji, "Mabirika haya unanunua wapi?"

"Kwa Hakirudi."

"Yote matatu?"

"Yote."

Basi. Nikajua nimempata muuaji.

Hakirudi ni muuza vyombo vya umeme pale karibu na kituo cha mafuta. Jina limetokana na kibao alichobandika juu ya kaunta: KIKIJARIBIWA HAKIRUDI. Maana yake, anakuchomekea chombo hapo hapo dukani, ukiona kimewaka ni chako, ukifika nyumbani kikizima ni shida yako na mababu zako.

Kesho yake asubuhi nilikuwa wa kwanza dukani.

"Karibu mama! Birika? Yapo ya kumwaga. Tazama hili la kioo, maji yakichemka linawaka taa za buluu."

"Nataka maji ya moto. Sijasema nataka ukumbi wa harusi."

Akashusha la plastiki tupu. Nikafungua kifuniko, nikanusa. Linanuka kama ndala mpya. Ndani, koili ya kuchemshia imelala wazi chini kama utumbo wa samaki. Koili ya hivyo ikiota magamba ya chumvi utaikwangua mpaka uzeeke. Na waya wake mwembamba kama kamba ya kiatu cha mtoto.

"Rudisha."

"Mama, hilo ndilo linalotoka sana."

"Linatoka kwako. Kwa watu linakufa."

La tatu aliloshusha lilikuwa la chuma kisichoshika kutu, mpini wa plastiki, bei ya kawaida tu, ya mtu anayefanya kazi. Nikaingiza mkono ndani: mdomo mpana, mkono umepita wote. Chini pako laini, koili imefichwa. Kuna alama ya mwisho wa maji juu na ya mwanzo chini. Waya mnene. Plagi ya miguu mitatu, tena miguu imara, haichezi. Linakaa juu ya kitako chake chenye waya; ukilinyanyua, waya unabaki mezani. Maji yakichemka linajizima.

"Hili."

"Umejua kuchagua! Ngoja tulijaribu."

Akalichomeka. Akabonyeza. Taa nyekundu ikawaka.

Kavu.

Bila hata tone la maji!

"Weka kiganja hapo juu mama, usikie joto linavyokuja..."

Nikalinyanyua kutoka kwenye kitako chake kabla hajamaliza.

"Maji yako wapi?"

"Maji ya nini?"

"Ya kuchemsha. Au wewe kwako huwa mnachemsha hewa?"

Nyuma yangu watu wawili wakacheka. Watatu. Duka likaanza kujaa, maana ugomvi haulipiwi kiingilio.

"Mama, mimi nauza vitu hivi miaka kumi na miwili."

"Na unaviua miaka kumi na miwili. Kila birika linatoka hapa limeungua tumbo, likifika nyumbani anasingiziwa mke wa mtu."

Nikachomoa karatasi ya maelekezo iliyokuwa ndani ya boksi, nikaisoma kwa sauti ya mkutano wa hadhara: usiwashe chombo hiki kikiwa hakina maji.

"Hiyo karatasi imetoka kiwandani," akasema Hakirudi. "Wale hawajui biashara."

Wallahi alisema hivyo. Waliokitengeneza chombo hawajui, anayekiuza anajua.

Nilikataa kutoka mpaka alete maji. Akamimina ya kunywa, ya chupa yake mwenyewe, uso umemvimba. Tukasubiri. Watu kumi na kitu wamezunguka kaunta wanatazama birika kama wanasubiri mtoto azaliwe. Likaanza kunong'ona, likanguruma, likatoa mvuke, likajizima lenyewe. Tak!

Mama mmoja akapiga makofi.

Karatasi nikaikunja, nikaitia mkobani. Ushahidi hauachwi dukani.

Na sikuishia hapo. Asubuhi tatu mfululizo nilisimama nje ya lile duka nikiwaambia wateja wadai maji. Siku ya tatu watu walianza kuja na chupa zao. Hakirudi alinitazama kupitia kioo kwa jicho la kuomba nipatwe na mafua ya milele. Mimi sikuwa nimejisikia vizuri hivyo tangu siku ya kuuliza glavu.

Mdogo wangu nilimkabidhi birika na kanuni. Maji yapite alama ya chini kabla ya kuwasha. Yasivuke ya juu. Usichemshie maziwa. Usilichomeke pamoja na friji kwenye waya mmoja wa kuunganishia. Likichemka acha lijizime, ndipo unyanyue.

"Umeelewa?"

"Ndiyo, dada."

Huyu mtoto maisha yake yote amenijibu "ndiyo, dada". Nilikuwa naipenda hiyo sauti. Nilidhani ni heshima.

Kila asubuhi napiga simu.

"Lipo?"

"Lipo."

"Mama mkwe anasemaje?"

"Anakunywa tu. Hasemi."

Asiyesema huku anakunywa ameshindwa, nikajiambia.

Siku ya kumi na tatu ilikuwa Jumamosi. Nikaona haina haja ya kusubiri ya kumi na nne. Nikavaa gauni langu la vikao, na mdogo wangu nilishamwambia tangu jana yake kwamba nakuja kunywa chai ya ushindi, nikatoka mapema. Njiani nilikuwa naipanga hotuba. Ilikuwa na sehemu tatu, na katika sehemu ya pili Kipaza alikuwa analia.

Geti lilikuwa wazi kidogo.

Kutoka uani nikasikia: kwaru, kwaru, kwaru.

Nikazunguka nyumba.

Mdogo wangu amechuchumaa bombani. Mbele yake beseni la povu. Mkononi, waya wa kusugulia sufuria, umepakwa jivu. Na ndani ya beseni, kichwa chini, miguu juu, limezama mpaka kwenye kitako: birika la nne.

"Dada! Umewahi!" Akatabasamu, jasho linamtoka. "Nilitaka ukute nimeshamaliza."

Akalinyanyua anionyeshe. Chini pamepiga mng'ao, unaweza kujichania nywele. Katikati, pale kwenye kitobo linapokalia umeme, maji yanatoka mfululizo kama mkojo wa mbuzi.



"Unafanya nini?"

"Nasugua kitako."

"Cha birika?"

"Lilianza kuwa na duara la madoa."

"Na yale matatu ya kwanza?"

"Nayo niliyasugua. La kwanza kila Jumamosi. La pili, walipoanza kununa, mara mbili kwa wiki. La tatu, waliposema nina nuksi, nikaogopa. Nikawa naliloweka kila siku." Akashusha sauti. "Hili nilikuwa siligusi, nililiogopa. Ila jana uliposema unakuja..."

Nikachuchumaa kama yeye.

"Nani kakuamuru? Mama mkwe anakagua vyombo?"

"Mama? Mama anakagua kucha na kona za shuka, basi. Hajawahi kugeuza hata sufuria moja."

"Sasa ulikuwa unamwogopa nani?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake.

"Si wewe, dada."

Mimi!

"Wewe ndiye unayegeuza," akasema, bila hasira yoyote, na hicho ndicho kilichoniua. "Kila ukija. Hata siku ya kwanza ulipokuja kunitembelea hapa, kabla hujakaa uliingia jikoni ukageuza sufuria zote. Hukumbuki?"

Nikakumbuka.

"Na ile siku ya sufuria nyeusi? Nilikuwa na miaka tisa. Ulinivalisha kichwani kama kofia, ukanizungusha uani majirani wakiona. Ukasema mwanamke huangaliwa kitako cha sufuria yake, uso ni wa kupaka tu. Masizi yalinishuka mpaka mdomoni."

Hilo nilikuwa sina. Nilitafuta kichwani, hamna. Karanga za msimamizi ninazo, mpaka maganda yake yaliyoanguka sakafuni. Mtoto wa miaka tisa mwenye sufuria kichwani, mtoto niliyemlea mimi, hayumo.

Akainuka, akalifuta birika nje kwa khanga, akaingia nalo jikoni. Nilitakiwa kumzuia. Nilitakiwa kusema subiri, likauke siku mbili juani. Nilibaki nimechuchumaa.

Pa!

Nyumba nzima umeme ukakatika. Televisheni ya Kipaza ikazimika katikati ya neno, naye akapiga yowe kama aliyezimika ni yeye.

Mama mkwe akatokea na kikombe chake mkononi. Akaliangalia birika. Akaniangalia mimi, na gauni langu la vikao.

"Siku ya ngapi leo, mkwe?"

Sikilizeni sasa, maana hapa ndipo panapoumiza. Nilifungua mdomo wangu, mdomo huu huu unaodai haki za watu, na uongo ukatoka laini, umenyooka, una hoja tatu.

"Mama, tatizo ni nyaya za nyumba hii. Zimeoza. Tangu siku ya kwanza niliona. Pili, yule muuza duka ni tapeli, mtaa mzima ni shahidi. Tatu, shemeji hapa angekuwa mwanaume angeshaita fundi umeme zamani, apasue kuta, atoe uozo wote..."

Shemeji, maskini, aliyekuja nyuma ya mama yake, akaanza kutafuta ngazi akague nyaya.

"Hivi kwenye nyumba ya nyaya zilizooza mnamlaumu binti wa watu! Hamuoni hata..."

"Dada, nyamaza."

Niligeuka kuona nani kasema.

Alikuwa amesimama katikati ya jiko, birika mkononi. Akalipindua, akalitikisa mara moja. Maji yakatoka tumboni, yakamwagika sakafuni mbele ya miguu ya mama mkwe.

"Mama, mabirika nimeyaua mimi. Yote manne. Nilikuwa nayazamisha kwenye maji nasugua chini ili yang'ae. Maji yanaingia kwenye umeme. Nimeyaona leo yakitoka. Nyaya hazina kosa. Na nuksi sina."

Kipaza alibaki mdomo wazi. Mara ya kwanza nauona uko wazi na hautoi kitu.

"Nani alikufundisha kuosha umeme kwa maji?" akauliza mama mkwe.

Mdogo wangu akainamisha macho.  Mpaka pale alikuwa bado ananificha.

"Mimi," nikasema.

Neno fupi. 

"Nilimfundisha vyombo husuguliwa kitako. Sikumwambia kipi husuguliwa na kipi hakisuguliwi."

"Na chombo hiki hakikuja na maelekezo?"

Nikafungua mkoba. Karatasi ilikuwa pale pale nilipoikunja. Mama mkwe akavaa miwani, akaisoma yote, akaweka kidole chini ya mstari wa pili, uliofuata ule wangu wa dukani.

"Usizamishe chombo hiki kwenye maji," akasoma. "Karatasi hii ilikuwa wapi wiki mbili hizi?"

"Mkobani mwangu."

"Inafanya nini huko?"

"Ushahidi, mama."

"Wa nani?"

Nikafunga mkoba. 

Nikaenda chumbani kutimiza nilichoahidi. Nilishika begi mpini. Angalau neno langu lisiwe la uongo mara mbili asubuhi moja.

Mkono ukalishika upande wa pili.

"Siendi," akasema mdogo wangu.

"Niliahidi mbele ya watu..."

"Uliahidi wewe. Mimi hukuniuliza. Hata siku ile hukuniuliza." Akanivua begi mkononi, kidole kimoja kimoja. Akamgeukia mkwewe, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Mama, kama unanifukuza kwa nuksi, nimesema sina. Kama ni kwa ujinga, nimeuacha leo."

Shemeji akasogea, akasimama karibu na mkewe. Hakusema kitu, tusimzidishie sifa. Ila alisogea.

Mama mkwe akavua miwani.

"Kwa ujinga hafukuzwi mtu," akasema. "Tungebaki na kuta." Akamtupia jicho Kipaza, akamtupia na mwanawe. "Neno nuksi nimelifuta. Nililitamka mbele ya wageni, na wageni wale nitawaita nilifute mbele yao. Toa nguo zako uzipange kabatini."

Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe, mkwe. Karibu nyumbani kwangu siku yoyote. Ila jikoni usiingie. Chai utaletewa."

Miezi minane imepita.

Birika la tano amelichagua mwenyewe, sikuitwa. Eti ni la plastiki, eti linanuka kidogo wiki ya kwanza halafu harufu inaisha, eti maji yanachemka. Linafutwa kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa, likiwa limepoa, limechomolewa. Kila mwezi wanachemshia siki na maji kutoa magamba ya ndani. Karatasi ya maelekezo ameibandika ukutani juu ya soketi, kila mtu anaiona.

Lipo. Linadunda. Chini, naambiwa, lina madoa ya kutisha.

Hakirudi bado ni mjinga, hilo silirudishi hata nikipigwa. Anayechemsha birika kavu ni muuaji, na wewe unayenunua bila kudai maji ni mshirika wake. Kipaza naye bado ni Kipaza: kisa hiki mmeanza kukisikia kwake, tena kwa uongo, ndiyo maana nimekiandika.

Lakini nyie wenzangu, nyie mnaojua makosa ya kila mtu kwa tarehe, mnaosimama kwenye vikao na kupiga meza, chukueni hili bila kunishukuru. Ukikuta mtu anaharibu kitu kile kile kila mara, tena kwa bidii, tena kwa unadhifu, usikimbilie kutafuta mchawi, wala muuza duka. Muulize anafanya hivyo kumridhisha nani.

Na ukiuliza, kaa karibu na mlango. Huenda ukatajwa wewe.